Siku za Kukumbukwa katika Nchi ya Ziwa



Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika habari za kale katika kijitabu hiki tumeona vema tusianze na hesabu za marobota wala orodha ya wenyeviti, maana hayo yamo katika kurasa nyingine, na hata tarehe ya kuandikishwa kwa Chama imekwisha tajwa huko. Twapenda kuanza na kalenda yenyewe, ile inayoning'inia ukutani katika kila ghala na kila ofisi ya chama cha msingi, na kuuliza: ni siku zipi katika mwaka ambazo nchi yetu ya Ziwa yapaswa kuzikumbuka, na ni nani aliyeziandika?

Mkulima wa pamba haishi bila tarehe. Ajua kwamba mbegu hupandwa tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na kwamba katika miezi ya Mei na Juni mizani hutolewa nje na ununuzi ukaanza. Ajua pia kuwa kabla ya tarehe 15 Septemba masalia yote yatakiwa yawe yameng'olewa na kuchomwa, ili wadudu waharibifu wasipate mahali pa kujificha mpaka msimu ujao. Asiyeishika tarehe hiyo humdhuru na jirani yake, kwa kuwa mdudu hajui mpaka wa shamba.

Babu zetu nao walikuwa na namna yao ya kuhesabu. Miaka waliipa majina: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, mwaka wa mvua kubwa. Mtoto aliambiwa amezaliwa mwaka gani kwa kutajiwa msiba au neema iliyoifikia nchi. Hesabu hiyo ilifaa sana nyumbani, lakini ilikuwa na upungufu mmoja: mzee alipofariki, aliondoka na sehemu ya kalenda.

Siku za wageni

Tufungue vitabu basi. Tarehe ya kwanza tunayoikuta juu ya Mwanza ni 3 Agosti 1858. Siku hiyo Bwana John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa amemwacha mwenzake Bwana Burton mgonjwa huko Kaze, karibu na Tabora, alipanda kilima katika upande wa Isamilo akaona maji ya Ziwa yametandazwa mbele yake. Akayapa jina la Malkia wake, Victoria, ingawa wenyeji walikwisha mwambia kuwa yaitwa Nyanza. Pamoja naye alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hata India, ndiye aliyekuwa mkalimani na msaidizi wake.

Wasukuma, Wakerewe, Wakara na Wazinza walikuwa wakiyanywa maji hayo na kuvua samaki wake vizazi vingi kabla ya siku ile. Twajuaje basi tarehe 3 Agosti, na hatujui tarehe ya Msukuma wa kwanza aliyetia mtumbwi wake majini? Sababu ni ndogo nayo ni kubwa: Bwana Speke alikuwa na daftari, na kila jioni aliandika.

Miaka kumi na saba baadaye akaja Bwana Stanley. Tarehe 8 Machi 1875 aliondoka Kageye, kijiji kilichomo sasa katika wilaya ya Magu, kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, ambayo ilikuwa imebebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Aliizunguka Nyanza yote akarudi Kageye tarehe 6 Mei mwaka huo huo, akathibitisha kuwa hili ni ziwa moja kubwa, wala si maziwa madogo mengi kama wengine walivyodhani. Yeye naye aliandika kila siku. Majina ya wengi waliobeba mashua ile mabegani hayajulikani na wajukuu wao.

Tarehe 20 Desemba 1901 reli iliyotoka Mombasa iliufikia mwambao wa Ziwa mahali tunapopaita Kisumu. Tangu hapo mazao ya pwani zetu yaliweza kusafiri kwa meli hadi Kisumu, na kwa gari la moshi hadi baharini. Mwanza yenyewe ilingoja mpaka mwaka 1928, ndipo reli ya kutoka Tabora ikafika, nayo pamba ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam.

Katikati ya mambo hayo ilikuja vita ya wakubwa. Tarehe 14 Julai 1916 majeshi ya Kiingereza chini ya Jenerali Crewe yaliingia mjini Mwanza, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Jina la jenerali limo katika vitabu. Lakini katika vita ile yote ya Afrika Mashariki wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walikuwa maelfu kwa maelfu, na wengi hawakuandikwa popote. Kumbukumbu yao kubwa imebaki katika jina la mtaa wa Dar es Salaam, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Jeshi lilihesabu bunduki zake kwa uangalifu kuliko lilivyowahesabu watu waliozibeba risasi zake.

Siku isiyo na tarehe

Sasa twafika kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko yote. Wazee wa nchi hii wanaokumbuka miaka iliyofuata vita kuu ya pili watasimulia jinsi pamba ilivyouzwa. Mkulima alipakia pamba yake, akaenda nayo kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Jicho lililosoma lilikuwa la mnunuzi, na kalamu iliyoandika ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima alipewa fedha akaambiwa ndizo. Kama alishuku, hakuwa na cha kushikia shaka yake.

Ndipo wakulima wakaamua jambo lililoonekana dogo: kupima pamba yao wenyewe kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi, ili wajue uzito wao mapema. Yeyote aliyeona mkulima akisimama mbele ya mnunuzi akisema, "Hapana, Bwana, pamba yangu uzito wake ni huu," ataelewa kuwa siku ile nchi iligeuka. Mizani ile ya wakulima ndiyo mbegu ya ushirika wa pamba katika Jimbo la Ziwa.

Lakini ilikuwa tarehe ngapi? Ni kijiji gani kilichotangulia, na ni nani aliyeshika ndoana ya mizani asubuhi ile? Siku iliyokuwa kubwa kwetu kuliko ile ya Bwana Speke haimo katika kalenda, maana hapakuwa na daftari kando ya mizani.

Yaliyofuata twayajua vizuri zaidi, kwa kuwa yaliandikwa. Bwana Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma tarehe 1 Januari 1925, alizunguka vijijini akiwakusanya wakulima. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa herufi za Kiingereza VFCU, yaani Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Shirikisho hilo halikuridhika na kununua pamba mbichi tu. Lilijipatia viwanda vya kuchambua pamba, kama kile cha Kasamwa katika Geita, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikipitia mikononi mwa vyama vya wakulima. Likahesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Bwana Bomani baadaye aliitumikia nchi akiwa Waziri wa Kilimo, kisha Waziri wa Fedha, na alifariki tarehe 1 Aprili 2005.

Zaidi ya hayo, vyama vile vilikuwa shule ya uongozi. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa Dar es Salaam, na watu wa Jimbo la Ziwa walikuwamo katika mkutano ule, miongoni mwao Bwana Saadani Abdu Kandoro na Bwana Lameck Bogohe. Lakini kwa miaka kadhaa, hata kufikia 1958, serikali ya kikoloni iliizuia TANU isifanye kazi katika jimbo letu. Katika miaka hiyo mkulima aliyetaka kujifunza kuchagua kiongozi, kuuliza habari ya fedha, na kusimama mkutanoni akasema neno, alijifunzia katika chama chake cha ushirika. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, wengi wa nchi ya Ziwa walikuwa wamekwisha kuzoea kupiga kura, maana walianzia kwenye ghala la pamba.

Saba Saba yenyewe iliadhimishwa miaka mingi kuwa siku ya wakulima, mpaka katika miaka ya 1990 heshima hiyo ilipohamia tarehe 8 Agosti, Nane Nane, siku ambayo wengi wetu hukutana katika viwanja vya maonyesho Nyamhongolo. Na vyama vya ushirika duniani kote vina siku yao, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai.

Siku ya amri

Hatuandiki kijitabu cha kujisifu tu. Yatupasa kuitaja pia siku ya huzuni, nayo ni tarehe 14 Mei 1976.

Ili kuielewa, turudi nyuma miaka kumi. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati iliona watumishi wasio waaminifu, wengine wasio na ujuzi wa kazi, na wanasiasa wanaoingilia mambo yasiyo yao. Iliona pia jambo ambalo sisi twalihesabu kuwa zito kuliko hayo yote: wanachama wengi hawakujua chama chao kinavyoendeshwa. Shirikisho la Victoria likapangwa upya, na mwaka 1968 likawa Nyanza Cooperative Union. Lakini ugonjwa wenyewe haukupona.

Basi tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Kazi ya kukusanya mazao ilitiwa mikononi mwa vijiji, na pamba ikawa chini ya Mamlaka ya Pamba. Viwanda vilivyojengwa kwa senti zilizokatwa katika kila kilo ya mkulima vilibadili mwenyewe. Sheria mpya ya ushirika ilipitishwa mwaka 1982, na mwaka 1984 chama kikuu cha Nyanza kilianzishwa tena, lakini miaka minane ni mirefu. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile alikuwa kijana kamili vyama viliporudi.

Watu wamelaumu Serikali, na wengine wamewalaumu viongozi wa vyama. Sisi twauliza swali moja tu. Kama kila mwanachama angalikuwa na stakabadhi zake, na kama katika kila kijiji pangalikuwa na daftari la mkutano linaloonyesha nani alisema nini na fedha zilikwenda wapi, je, ingalikuwa rahisi hivyo kukifuta chama kwa siku moja? Kitu kisichojulikana na mwenyewe ni rahisi kuchukuliwa, wala mwenyewe hatapiga kelele.

Majina yasiyoandikwa

Kuna siku nyingine ambayo kila mtu wa pwani ya Ziwa huinamisha kichwa akiitaja. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba na Kemondo ilipinduka ikazama ilipokuwa imekaribia Mwanza. Meli ile ilitengenezwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na wengi walizikwa Igoma.

Twaandika "zaidi ya", na neno hilo ndilo linalouma. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wale wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo, hawakuwa na orodha. Humo ndimo walimokuwamo wakulima, wachuuzi wa ndizi, akina mama wenye watoto mgongoni. Walipozama hapakuwa na karatasi ya kusema ni wangapi wala ni akina nani, na jamaa zao walisimama ufukoni wakisubiri miili bila kujua kama wapendwa wao walipanda au hawakupanda.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228.

Huenda msomaji akauliza, habari za meli zahusu nini katika kijitabu cha pamba? Zahusu sana. Mtu aliyeandikwa hutafutwa, na aliyehesabiwa hulipwa. Meli isiyo na orodha ya abiria, na chama kisicho na daftari la wanachama, vyote viwili huonekana salama maadamu maji yametulia. Upepo ukivuma, anayepotea ni yule wa daraja la tatu.

Siku tutakazoziandika wenyewe

Lakini kalenda ya Ziwa haina misiba peke yake. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, lililopewa jina la Rais John Pombe Magufuli. Mahali ambapo magari na watu walipanga foleni kungoja kivuko, mchana na usiku, sasa huvuka kwa dakika chache. Mgonjwa wa Sengerema anayepelekwa Bugando anajua maana ya tarehe hiyo pasipo kuhubiriwa.

Turejee sasa katika ghala letu. Mwaka 1844, tarehe 21 Desemba, wafumaji wa nguo maskini katika mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao dogo la ushirika. Wanachama wa kwanza walikuwa 28. Walichouza kilikuwa unga, siagi, sukari, shayiri iliyosagwa na mishumaa michache. Matajiri wa mji walikuwa na maduka makubwa kuliko hilo mara nyingi, na majina yao yamesahauliwa. Duka la wafumaji lakumbukwa ulimwenguni kote, kwa kuwa waliweka kanuni zao katika maandishi: mwanachama mmoja kura moja, mizani ya haki, na hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama wote. Walioanza kama sisi, katika umaskini kama wetu, waliishika kalamu tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo katika sherehe hii ya miaka kumi twaomba mambo matatu, na twayaomba kwa heshima kwa viongozi na kwa wanachama sawasawa.

La kwanza, kila katibu wa chama cha msingi afungue ukurasa katika daftari lake, aandike historia ya chama chake wakati wazee wangali hai: nani walikutana, chini ya mti gani au katika darasa la shule gani, na tarehe ngapi. Ikiwa tarehe imesahauliwa, na aandike mwaka na msimu kama walivyofanya babu zetu, lakini aandike.

La pili, kila mkulima aitunze stakabadhi yake ya mauzo kama anavyolitunza jembe lake. Karatasi ile ndogo ndiyo sauti yake siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo kusema. Na karani wa mizani asiione kuwa kazi ndogo. Kila tarehe anayoiandika ni siku moja ya historia ya nchi hii.

La tatu, mkutano mkuu usiwe wa kupiga makofi na kula wali tu. Hesabu zisomwe kwa lugha inayoeleweka, mwanachama aulize, ajibiwe, na swali lake liandikwe pamoja na jibu lake. Chama ambacho maswali yake yameandikwa ni vigumu kukifuta.

Wenzetu waliotutangulia waliweka mizani kando ya njia ili wasidhulumiwe, wakasahau kuweka daftari kando ya mizani. Sisi hatuwalaumu hata kidogo. Walikuwa na mzigo mzito, na shule zilikuwa chache. Lakini watoto wetu watakuwa na haki ya kutulaumu sisi, ambao tumesoma, ikiwa katika sherehe ya miaka hamsini ya Chama hiki watatafuta habari za miaka yetu kumi ya kwanza wasizione.

Leo ni siku ya kuandikwa. Katibu, tafadhali, weka tarehe juu ya ukurasa.